Makaburi ya askari yasipakwe rangi

Mhariri,

Siku ya Mashujaa, 25 Julai, ikikaribia, hapa Tanga huwa hatukosi watu wa kujitolea kusafisha makaburi ya zamani. Wanakuja na ndoo za rangi nyeupe, brashi za waya na nia njema. Naomba rangi ibaki dukani na brashi za waya zirudi kwa mafundi wa magari. Makaburi ya vita vya 1914, yaani Vita Kuu ya Kwanza, yamevumilia majani na mvua kwa zaidi ya miaka mia, lakini usafi wa asubuhi moja unaweza kuyamaliza.

Jiwe la pwani linapumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukiwa umebeba chumvi, ukifika usoni pa jiwe maji hukauka, chumvi hubaki nje na mvua huiosha. Ukipaka rangi ya mafuta umeziba njia hiyo. Chumvi huganda nyuma ya rangi, huvimba, na baada ya masika kadhaa rangi hubanduka pamoja na ngozi ya jiwe. Herufi za marehemu zimechimbwa kina cha milimita chache tu. Okota gamba moja lililoanguka, uligeuze: upande wa pili utakuta nusu ya herufi.

Saruji nayo ina lawama. Fundi akiona ufa anajaza saruji, kazi inang'aa, watu wanapiga picha. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, hivyo joto na baridi vikifanya kazi yake, linalopasuka ni jiwe. Tumieni chokaa iliyozimwa, sehemu moja kwa sehemu tatu za mchanga wa mto. Wa ufukweni una chumvi, hata kama ni bure. Kisha funikeni kwa gunia bichi na kulinyunyizia maji karibu wiki nzima, maana chokaa ikikaushwa haraka na jua letu hugeuka unga.

Kusafisha kunataka maji matupu, brashi ya nywele laini na kijiti cha mwanzi cha kukwangulia ukoga. Lowesha jiwe zima kwanza, kisha anza chini ukipanda juu. Ukianzia juu, maji machafu hutiririka kwenye sehemu kavu na kuacha michirizi isiyotoka. Jiki hapana, inaacha chumvi ndani ya jiwe. Tindikali ndiyo hapana kabisa: lile povu mnalolifurahia ni jiwe lenyewe linaliwa. Jiwe linalotoa unga ukiligusa kwa kidole, liacheni kama lilivyo. Na mche wa mkuyu ulioingia kwenye ufa hukatwa kwa msumeno, hauvutwi, kwani mizizi hutoka na kaburi. Penye mlinzi au taasisi inayotunza, ruhusa iombwe kabla ya hata ndoo kushushwa.

Ila kazi kubwa kuliko usafi ni majina. Jina lililofutika mchana kweupe husomeka mwanga ukipita ubavuni mwa jiwe: saa moja asubuhi, au wakati wowote kwa msaada wa kioo cha kujitazamia. Mmoja asimame pembeni arushe mwanga ukwaruze uso wa jiwe, mwingine apige picha. Msijaze herufi kwa chaki wala mkaa. Andikeni mnachokiona, makosa yakiwemo. Makarani wa Kijerumani waliandika Djuma na Schabani. Ukimsahihisha leo kuwa Juma, mjukuu atakayelinganisha daftari lako na orodha za zamani hatampata babu yake.

Na hao ni akina nani? Usiku wa tarehe 2 Novemba 1914 jeshi la Uingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, lilianza kushuka Ras Kazone, hapa hapa Tanga. Walikabiliwa na watu kama 1,000 wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, wengi wao askari Waafrika. Tarehe 5 wavamizi walikuwa wanarudi melini, wakiwa wameacha zaidi ya 300 wamekufa. Wazee husema Wajerumani waliwatuma nyuki. Nyuki walikuwepo kweli, ila walichokozwa na risasi na waliuma pande zote mbili. Upande wa Wajerumani alianguka Tom von Prince, yule aliyepigana na Mkwawa, aliyeitwa Bwana Sakarani. Jina la utani la ofisa huyo mji bado unalo. Ya askari wake wengi hatuna.

Wapagazi, waliobeba mizigo ya majeshi, ndio waliosahauliwa kuliko wote. Vita vilivyoendelea hadi Novemba 1918 viliendeshwa juu ya vichwa vyao, na wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa, si risasi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na kikosi chao, kwa Kiingereza Carrier Corps. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Tunapoimba amani kila Julai, hesabu hiyo ndiyo bei ya kuikosa, na sehemu yake ililipwa na watu wa vijiji ambavyo havikuwa na ugomvi na yeyote.

Kwa hiyo fedha iliyotengwa kwa rangi inunue madaftari mawili yenye jalada gumu. Kila jiwe liandikwe kwa namba, mstari wake, maandishi na picha. Daftari moja likae maktaba ya mkoa, la pili Makumbusho ya Urithi Tanga. Kurasa za mwisho ziachwe tupu kwa ajili ya wapagazi, na misikitini na makanisani itangazwe kwamba mwenye jina la babu aliyechukuliwa asirudi, alilete liandikwe, hata kama ni jina moja tu bila la baba.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga