Kaka anasema nimemharibia mwanawe mkopo wa chuo

Anti, shikamoo.

Saa hizi ni saa tisa usiku na lepe la usingizi sijalipata tangu jana, kwa hiyo unisamehe maneno yakipanda na kushuka. Kuna neno moja halinitoki. "Za watoto wa watu unajaza zinapita, ya mwanangu umeiharibu." Kaka yangu wa tumbo moja kalisema uani kwake, mbele ya mkewe, mbele ya majirani wawili waliokuja kuchota maji, na mtoto mwenyewe amesimama pale, simu mkononi, jina lake halimo awamu ya kwanza wala ya pili ya waliopata mkopo.

Nimeharibu nini, Anti? Wewe unajua steshenari yangu ilivyo msimu wa mikopo, watoto wanakuja niwajazie maombi, benchi halikauki mpaka mwisho wa Agosti. Mtoto akikaa mbele yangu, cha kwanza namwuliza kidato cha nne alifanya mtihani mara ngapi. Wengi wanashangaa swali hilo. Lakini aliyerudia mtihani ana namba mbili za mtihani, na akiombea chuo kwa namba moja na mkopo kwa nyingine, Bodi ya Mikopo ikija kulinganisha na majina ya vyuo hakuna kinachokutana. Anabaki ana chuo, mkopo hana. Cha pili ni vyeti. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe kwanza RITA, wale wa serikali wanaoandikisha vizazi na vifo, unakituma kwa mtandao na kukilipia, na majibu hayaji dakika hiyohiyo. Kilichofifia kinarudishwa. Jina lililopishana herufi moja na la kwenye daftari lao linarudishwa. Ndiyo maana wazazi nawahimiza waanze Mei, kabla hata dirisha halijafunguliwa. Halafu elfu thelathini ya ombi, unapewa kontroo namba unalipia kwenye simu. Halafu mdhamini, na picha yake, na kitambulisho chake. Halafu fomu inachapwa, inakwenda serikali ya mtaa kugongwa muhuri, inakwenda kwa kamishna wa viapo, inarudi kwangu niiskani na kuipakia. Hapo ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu wanapiga picha kwa simu, kivuli cha mkono kinalala juu ya muhuri na jina la mwenyekiti halisomeki. Na wapo wanaopakia kila kitu wasibonyeze kuwasilisha. Ombi linalala humohumo kwenye akaunti, na wao wanasubiri majina mpaka Oktoba.

Haya yote kwa binti wa kaka niliyafanya. Namba yake ni moja, hakurudia mtihani. Cheti cha kuzaliwa kilihakikiwa Julai. Mihuri inasomeka, niliiskani mara mbili. Nilimwonyesha kwenye kioo kwamba ombi limewasilishwa. Elfu thelathini niliitoa mimi na sikumdai kaka, wala sikusema. Sasa aniambie ni kipi nilichoharibu.

Tatizo ni cheti cha kifo cha mama yake. Wifi yangu alifariki miaka saba iliyopita, mtoto akiwa darasa la saba. Alifia hospitali, na hospitali ikatoa kibali cha mazishi kama kawaida. Kibali si cheti, Anti, na watu wengi hawalijui hilo. Kibali ni cha kuzikia, cheti unakifuata mwenyewe ofisi ya RITA kwa Mkuu wa Wilaya. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Zikipita bado kinaandikishwa, ila utazunguka zaidi. Kaka hakukifuata siku hizo 30, hakukifuata mwaka ule, na hajakifuata mpaka leo.

Sisemi kaka ni mtu mbaya. Alimuuguza wifi mwenyewe, anamwogesha mwenyewe. Lakini kiwanja anachokaa alikinunua wifi, kwa hela yake ya mama lishe, na karatasi za mauziano zina jina la wifi peke yake. Cheti cha kifo ndicho karatasi ya kwanza utakayoulizwa mahakama ya mwanzo ukienda kufungua mirathi. Kaka anaogopa kikishatoka, wajomba wa mtoto watakiomba nakala. Sasa hivi ana mke mwingine na watoto wadogo wawili kwenye nyumba ile. Hayo hajawahi kunitamkia, ila mimi ni dada yake. Kila nikitaja cheti anabadilisha mazungumzo au anasimama anaondoka.

Nilimwambia Juni, nikamwambia Julai, nikamwambia tena Agosti ya katikati. Nilimweleza kwamba mkopo hauangalii alama za mtoto tu, unaangalia hali yake, na hali inaonekana kwa karatasi. Yatima wanapewa kipaumbele, wenye ulemavu na watoto wa kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF vilevile, lakini kila mmoja kwa ushahidi wake. Yatima asiye na cheti cha kifo, kwa anayesoma ombi, ni mtoto mwenye wazazi wote wawili. Kaka akaniambia, "Wewe jaza hivyohivyo, utajua mwenyewe utakavyofanya."

Zimebaki siku mbili dirisha lifungwe. Kwenye mfumo kuna pa kujaza habari za mama, yu hai au amefariki. Ukisema amefariki unatakiwa cheti kilichohakikiwa, nasi hatukuwa nacho, na kwa siku mbili kisingepatikana hata ningelala ofisini kwao. Nikajaza yu hai.

Ningefanyaje, Anti? Ningeacha ombi, kaka angesema nimemnyima mtoto nafasi. Nilijiambia afadhali ombi liingie, huenda akapata hata nusu. Baba ni fundi mwashi asiye na mshahara, nilidhani hilo litaonekana. Na fomu ilipochapwa kaka ndiye aliyeweka sahihi kama mdhamini, nilimpa karatasi zote, hakuna hata moja niliyoificha. Sahihi yake ipo. Halafu leo hii eti mimi ndiye niliyeharibu.

Kinachoniuma zaidi si kaka. Karatasi zilipotoka kwenye printa bado zina joto, nilimpa mtoto asome, maana huwa namsomesha kila mtu fomu yake kabla ya kusaini. Akasoma polepole na kidole mstari kwa mstari. Alipofika kwa mama yake kidole kikasimama. Akaniangalia akasema, "Shangazi, hapa?" Nikamwambia, weka sahihi mwanangu, muda umeisha. Akaweka. Hakuuliza tena. Kesho yake akaenda peke yake kwa kamishna wa viapo, akaapa kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli.

Mtoto wa mtu baki angekuja hana cheti, Anti, ningemrudisha. Nimewarudisha wengi. Mwaka jana tu nilimrudisha mama mmoja mara tatu mpaka akanikasirikia, akaenda mpaka kijijini kwao kutafuta barua ya mtendaji, akaandikisha, na mwanawe akapata. Kwa hiyo lile neno la kaka linaninyima usingizi kwa sababu hiyo pia. Za watoto wa watu najaza sawasawa. Ya mwanawe ndiyo niliyojaza uongo. Yeye hajui kwamba amesema kweli, alikuwa anatukana tu.

Siombi aniombe radhi. Mimi yamekwisha, tumezaliwa wawili tu. Ila mbele ya mtoto angesema neno moja, kwamba si shangazi yako. Basi. Hata asiponiita mimi, amwambie yeye peke yake.

Chuo kimeshafunguliwa na usajili una siku zake. Ada ni milioni moja na laki tatu kwa mwaka, na bila nusu yake huwezi kusajiliwa. Mkopo ungekuwepo, ada ingelipwa chuoni moja kwa moja kwa kiwango alichopangiwa, na yeye angepata hela ya chakula na malazi, elfu kumi kwa siku, ambayo kwa siku sitini ni laki sita, ndiyo hiyo wanayoiita bumu, na laki mbili za vitabu kwa mwaka. Mimi nina mashine mbili za fotokopi. Ile kubwa nikiiuza napata nusu ada na nauli, lakini ndiyo inayolipa pango, na mwaka wa pili nitauza nini? Mume wangu anasema niuze tu nipate amani. Wakati mwingine nakubaliana naye. Wakati mwingine nasema hapana, nikiuza nitakuwa nimekiri mbele ya wote kwamba kosa ni langu.

Kuna dirisha la rufaa, na halikai wazi muda mrefu, ni siku chache tu. Rufaa si barua ya kulia shida, watoto wengi wanakosea hapo, wanaandika kurasa mbili za maisha magumu bila kuambatisha kitu kipya. Anayepitia rufaa anatafuta karatasi ambayo haikuwemo mwanzo. Kwa binti yetu karatasi hiyo ni moja tu, cheti cha kifo.

Na kibali cha mazishi cha wifi ninacho mimi. Mama yake wifi alinipa siku ya arobaini, kimekunjwa mara nne ndani ya leso ya marehemu, akaniambia, "Wewe ndiye msomi, mtunzie mtoto." Kipo kwenye droo ya chini dukani, chini ya rimu za karatasi. Kaka hajui kama ninacho, anadhani kilipotelea msibani. Nikienda asubuhi kwa Mkuu wa Wilaya na kibali hicho na barua ya mtendaji, naweza kuanza kukiandikisha. Hata kikichelewa uhakiki, rufaa ina pa kuanzia.

Lakini kaka atajua. Cheti kikitoka kimetoka kwa wote, na wajomba watakisikia. Kesi ikianza na wale wadogo wakahamishwa kwenye nyumba, itasemwa ni shangazi aliyewauza wa damu yake. Tena kiwanja kile kwa haki kina sehemu ya huyuhuyu binti, nalo hilo nikilisema nitaonekana nimekuja kugombanisha.

Halafu kuna lile la kiapo. Rufaa ikisema mama amefariki, ombi lilisema yu hai. Lazima ielezwe kwa nini. Nimewahi kuwaandalia watu hati za kiapo za kurekebisha majina, najua zinavyoandikwa, zinamtaja aliyekosea na sababu. Naweza kuandika kwamba aliyejaza ni mimi, mtoto alisaini kwa kunitii. Ndiyo kweli yenyewe. Lakini kwa nini nilijaza hivyo? Nikiandika cheti hakikuwepo kwa sababu baba hakutaka, nimemvua kaka nguo kwenye karatasi ya serikali. Nikiandika nilikosea tu kubonyeza, nimeongeza uongo juu ya uongo, na neno la kaka linakuwa limepata muhuri. Na kama nisipoandika chochote, mtoto ndiye anayebaki ameapa uongo juu ya mama yake mzazi, ana miaka kumi na tisa.

Jana jioni alinitumia ujumbe. Hakutaja pesa. Ameuliza, "Shangazi, nikikata rufaa naruhusiwa kuandika kwamba mama alikufa?" Sijamjibu mpaka sasa. Nimeufungua ule ujumbe sijui mara ngapi.

Sijui kama nimwambie kibali ninacho na kwa nini baba yake hakitaki, au nikatoe cheti kwanza kimyakimya ndipo nimwite kaka, au nimwite kaka kwanza anikatalie tena mara ya nne. Mume wangu anasema mambo ya ukoo wenu niyaache. Lakini leso ile nilikabidhiwa mimi.

Anti, ukiweza nijibu haraka, hata kwa kifupi. Mtoto anakuja dukani asubuhi hii saa tatu tukae tuandike rufaa, na RITA wanafungua saa moja na nusu. Nina nafasi ya kwenda na kurudi kabla hajafika.