Barua kwa Zuhura baada ya kurudi kutoka Beira

Tanga,
20 Mei 2019

Mpendwa dada Zuhura,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima pamoja na shemeji na watoto, na kwamba funga inakwenda vyema huko Mombasa. Nami nimerudi salama, ingawa nimekonda kiasi cha mama kuapa kwamba sitoki tena kabla ya Idi.

Umeniuliza kuhusu kazi yenyewe, nami nakushukuru, kwani hapa hakuna aliyeuliza hilo. Kila jioni baada ya futari majirani hukaa barazani wakitaka niwahadithie usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi, Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, huko Msumbiji, na jinsi mito ya Buzi na Pungwe ilivyofurika hata mashamba yakageuka bahari. Nikiwaambia kwamba usiku huo nilikuwa zamu hapa hapa Tanga, na kwamba nilikwenda baadaye kuuguza wagonjwa wa kipindupindu, naona hamu imewaisha.

Wewe ni muuguzi mwenzangu, kwa hiyo sikufichi: kazi ilikuwa ndoo. Kitanda cha kipindupindu kina tundu katikati, chini yake ndoo moja, na nyingine ubavuni kwa ajili ya matapishi. Kila baada ya muda unasoma lita zilizotoka, unaandika, kisha unakadiria maji ya kumrudishia mgonjwa, kwa mshipa ikiwa amelegea, au kwa kikombe ikiwa anaweza kunywa. Mtu huletwa macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, mapigo ya mkononi huyapati. Dripu ikienda kasi, saa chache baadaye ameketi anadai chakula. Sijaona ugonjwa mwingine mkali unaotii tiba upesi namna hiyo. Wagonjwa walikwisha kupita 6,000, na waliokufa hawakufika kumi, jambo ambalo kwa mlipuko wa baada ya mafuriko ni la kumshukuru Mungu, na pia la kuishukuru chanjo ya kunywa iliyoanza kutolewa mapema Aprili.

Linaloniudhi ni hizi sifa. Mtaani wanataka kuniandalia hafla, nami nimekataa, pengine kwa ukali usiofaa mwezi huu. Wahudumu wa pale pale Beira, ambao wengine nyumba zao ziliezuliwa mabati yote, walikuwa wakilala chini ya turubai na asubuhi wanafika kazini kabla yetu, wakitutafsiria Kisena na Kindau, kisha wakienda mitaani kufundisha watu kutia klorini katika maji. Hao bado wako kazini, na tarehe 25 Aprili Kimbunga Kenneth kimeipiga Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi hiyo hiyo.

Kuhusu wewe kwenda: nenda, ila anza Kireno sasa, angalau maswali ya kitandani, na uombe likizo itakayobakiza siku za kulala ukirudi, maana usingizi haurudi pamoja nawe. Daftari langu la hesabu za maji nimemkabidhi kaka, ambaye anakuja Mombasa baada ya Idi. Unirudishie, tafadhali, kwa sababu masika hayajaisha na huku wodini tunaweza kulihitaji.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye,
Mwanahamisi