Barua kwa binti yangu anayeanzisha karate kanisani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na baba yako. Tumefurahi kusikia kwamba mchungaji wa huko Dodoma amekubali kuwapa ukumbi wa usharika kila Jumamosi. Wazee wa kanisa wanaouliza kama mnawaletea watoto dini ya Wajapani wasikukatishe tamaa. Swali lao ni halali, na wanaliuliza kwa sababu wanawapenda watoto wao. Omba nafasi ukae nao kwenye kikao, usiwajibu mlangoni watu wakitoka ibadani.

Waeleze ilikotoka. Karate ilikulia kisiwani Okinawa, na mwanzoni mwa karne iliyopita mwalimu wa karate Anko Itosu akaiingiza shuleni ili vijana wapate afya na nidhamu. Gichin Funakoshi, aliyekwenda kuionyesha Tokyo mwaka 1922, naye alikuwa mwalimu wa shule. Aliwaachia wanafunzi kanuni 20. Ya kwanza inahusu heshima, kwamba ndiyo mwanzo na mwisho wa karate. Ya pili inakataza kuanza kushambulia. Kisha simama uwachezee Heian Shodan yote, ile kata ya kwanza, yaani mfuatano wa hatua 21 zilizopangwa, na uwaambie watazame mkono wa kwanza unafanya nini. Unakinga. Kata zote tano za Heian huanza kwa kukinga, na mzee akishaliona hilo kwa macho yake hutahitaji maneno mengi.

Kuhusu kuinama, wana hoja, usiipuuze. Kumbi nyingi za karate hutundika picha ya mwalimu mkuu ukutani na wanafunzi huiinamia. Sisi huku hatukuweka picha yoyote. Watoto wanamwinamia mwalimu, naye anawainamia, kama mdogo anavyotoa shikamoo na mkubwa akaitikia marahaba. Ule muda wa kufumba macho na kutulia tunauacha uwe wa sala ya kimya, kila mtoto kwa namna yake. Unakumbuka wapo wanaotoka nyumba za Waislamu, na mama zao ndio wanaowaleta. Mtoto wa mtu usimlazimishe kusema Amina.

Sasa nisikilize vizuri kwenye hili. Mateke na ngumi unavijua, sina la kukufundisha hapo. Ninachokuomba ni uwajali hao watoto hata siku ambazo hakuna mazoezi. Mwezi uliopita mtoto mmoja wa mkanda mweupe, wa wale wanaoanza, alifiwa na bibi yake aliyekuwa akimlea. Kikundi kizima kilikwenda msibani. Wakubwa walifunga turubai na kuchota maji, wadogo wakaosha vyombo, wavulana kwa wasichana, na hakuna aliyewatuma. Baba wa yule mtoto hakuwahi kukanyaga ukumbini kwetu. Jumamosi iliyofuata alikuja na nyundo, akatengeneza dirisha lililokuwa halifungi, kisha akakaa kwenye benchi akamtazama mwanawe mpaka mwisho. Siku hizi haji kwa kuitwa. Hicho ndicho kikundi ninachotaka uwe nacho huko.

Kwa hiyo usifupishe ule muda wa kusogeza mabenchi na kupiga deki. Na mwenye mkanda wa kahawia ashike ufagio pamoja na aliyeanza jana. Mkimaliza, msitawanyike, pikeni hata uji. Hapo kwenye uji ndipo utamjua anayelala njaa, anayepigwa nyumbani, na asiyekwenda shule kwa kukosa daftari. Ukishajua, mwambie mwinjilisti au mchungaji, mtoto asibaki na mzigo wake peke yake, wala wewe usiubebe peke yako.

Milango iwe wazi muda wote, na wawepo watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke. Sakafu ni ya saruji, basi msiangushane, na wanaoanza wasipigane kabisa. Andika simu za wazazi.

Jambo la fedha linaniuma zaidi. Watoto wengi hawaachi karate kwa uvivu, wanaacha siku inapotangazwa ada ya mtihani wa mkanda. Wanaona aibu, hawaagi, hawarudi. Lizungumzeni na wazazi mapema kabla mtihani haujatajwa. Huku kina mama tunauza maandazi baada ya ibada ya pili na fedha inakwenda huko. Suti za karate pia usizidai. Fulana na suruali ya michezo vinatosha mwaka mzima.

Watakuita sensei, yaani mwalimu. Wewe waambie wakuite dada mpaka mwalimu wako atakapokupa ruhusa.

Nimempa kondakta wa basi mfuko wenye suti zako za utotoni. Ile yenye kiraka gotini nimeipunguza miguu, mpe aliye mfupi kuliko wote. Mdogo wako ameweka humo mkanda wake wa njano, anasema akipata wa kijani huo hatauhitaji. Ukipokea, nipigie.

Nakupenda, mwanangu.

Mama yako, Moshi