Barua kwa mwanangu: basi lisikukimbize

Mwanangu,

Utabiri unasema theluji itaanza Sheffield Jumatano usiku, na zamu yako ya Alhamisi inaanza saa moja asubuhi. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu utaniambia "nimeelewa, mama" kabla sijamaliza.

Usilikimbilie basi, hata ukiliona linafunga mlango.

Halmashauri humwaga chumvi kwenye barabara kuu na njia za mabasi. Mitaa midogo ya Walkley kama wenu huachwa hivyo hivyo. Na hata palipomwagwa usipaamini, kwani chumvi ya barabarani inataka magurudumu yaisage na kuichanganya na theluji ndipo iyeyushe. Alfajiri magari ni machache, kwa hiyo barabara iliyotiwa chumvi saa nne usiku bado inaweza kuteleza saa kumi na moja. Mvua ikitangulia theluji, huiosha chumvi hadi mtaroni. Baridi ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri, haisaidii tena.

Basi toka mapema, saa nzima kabla ya kawaida yako. Usipite Blake Street, ule mteremko mkali wenye vyuma vya kushikia. Zunguka kwa njia ya basi. Mabasi ya mlimani ndiyo hukatishwa kwanza, kwa hiyo usigande kituoni ukisubiri. Teremka polepole hadi Infirmary Road uangalie kama tramu zinatembea. Hatua ziwe fupi, wayo wote ukanyage kwa pamoja, magoti yalegee kidogo, mikono isiwe mifukoni. Penye weusi unaong'aa kama lami mbichi, hiyo ni barafu, si maji.

Kwenye kifurushi kuna soksi nene za sufi. Zivae juu ya viatu. Zinashika barafu kuliko soli tupu. Vile viatu vya Septemba viache kabatini. Ulisema havina meno, nami nikakujibu unapenda makuu. Nimevitazama tena kwenye picha: soli yake kama sahani.

Mlangoni, ondoa theluji kwa koleo ingali laini, kabla watu hawajaishindilia. Kisha nyunyiza chumvi ya mezani, kijiko kimoja cha chakula kwa mita moja ya mraba, mbali na maua ya mwenye nyumba. Maji ya moto usimwage kabisa, yataganda na kuwa kioo. Yale masanduku ya njano ya chumvi kando ya barabara ni ya barabara na njia za watu wote, usichote ya uani kwako.

Hujawahi kuchelewa zamu, na kwa hilo natembea kifua mbele. Lakini ndicho hicho kinachonitia hofu, maana nakujua utakavyoliona basi likiondoka. Liache. Mpigie msimamizi wako umwambie barabara ilivyo.

Boila ya kupasha nyumba joto ikizimika na kugugumia, tazama lile bomba jembamba la plastiki linalotoka nje ukutani. Litakuwa limeganda. Limwagie maji ya uvuguvugu, yasiwe ya kuchemka, kisha iwashe upya.

Samaki wa kukaanga nimewafunga kwenye karatasi, wale kwanza kabla ya mchuzi. Vile vyombo viwili vya kifuniko cha bluu nirudishie, baba yako anavitafuta. Alhamisi ukifika kazini nitumie ujumbe, hata neno moja.

Mama