Simu ya mtuhumiwa isipekuliwe kaunta ya polisi

Mhariri,

Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama, inapoupima ushahidi wa kielektroniki, iangalie taarifa zilivyotengenezwa, zilivyohifadhiwa na kama hazikuchezewa. Sheria ipo. Kasoro huanzia pale simu inapokamatwa.

Hapa Dar es Salaam, tapeli wa "ile hela tuma kwa namba hii" akinaswa, kishawishi cha kwanza ni kusoma meseji zake papo hapo. Kila mguso hubadilisha kitu, na simu ikibaki hewani mwenzake aliye mbali anaweza kufuta vyote. Ikatwe mtandao, iwekwe kwenye mfuko unaozuia mawimbi, namba yake ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu) iandikwe mbele ya shahidi. (Kuizima ovyo nako ni hatari: huenda isifunguke tena bila nywila.) Mtaalamu atoe nakala kamili, akokotoe heshi yake (alama ya herufi na tarakimu inayotokana na taarifa zote zilizomo, kama alama ya kidole), kisha achunguze nakala, si simu. Herufi moja ikibadilishwa, heshi haitalingana tena, na hapo hakuna ubishi kama ushahidi umeguswa.

Naomba Jeshi la Polisi lipeleke mifuko hiyo, fomu za makabidhiano na askari aliyefunzwa kwenye vituo vya wilaya, badala ya kutegemea wataalamu wachache wa makao makuu.

Nasi tulioibiwa tusifute meseji kwa hasira. Picha ya skrini pekee haitoshi. Twende kituoni na simu yenyewe.

Mkazi wa Tabata,
Dar es Salaam