Mwani umelalia upande mmoja

Mwanangu Hamisi,

Ile video ya kaiti, hilo tiara linalokuvuta juu ya maji, nimeitazama mara tatu. Mara ya kwanza nilikuona wewe. Umeruka kweli, hadi jirani nikamwita aje aone. Mara ya tatu ndipo nikauona mwani nyuma yako. Umelalia wote upande wa mwambani, na vigingi vimechomoza. Maji yalikuwa yanatoka, mwanangu, na wewe unakwenda yanakokwenda, peke yako.

Ya mjomba wako unayajua, siyarudii.

Hapo Paje mtu huona maji ya magoti na mchanga mweupe, akadhani beseni. Sasa maji yote yaliyopita juu ya mwamba, yakitaka kurudi hutafuta mlango, lile pengo kwenye mwamba, na karibu na mlango ndipo watu huvutwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hujaa kama saa kumi jioni na kukauka kama saa nne asubuhi, na kina hupishana karibu mita 4. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo saa ya jana usiendee nayo leo. Waulize akina mama wa mwani, si wenzako wa kaiti. Wale hawabahatishi.

Ukivutwa usishindane nayo. Lala chali upate pumzi, kisha kata pembeni, sambamba na ufukwe, mpaka uone hayakuvuti tena ndipo urudi. Kaiti ikianguka usiiache ukaogelea. Inaelea, na mtu ataiona kwa mbali. Laifu jaketi ulifunge. Kwenye video umeliacha wazi, nadhani kwa ajili ya picha.

Wageni unaowafundisha sina wasiwasi nao, wanaye wa kuwatazama, ni wewe. Wewe ukimaliza kazi ukaingia tena, unatazamwa na nani? Nilikuuliza wiki iliyopita, ukanijibu habari za mshahara. Mshahara tumeuona, Mungu akuzidishie, baba yako hana neno lingine akienda msikitini. Lakini swali langu liko palepale.

Tena wewe kuogelea umejifunza ukubwani. Ulipokuwa darasa la tano ukaomba kwenda bwawani na wenzako, nilikwambia hakuna nauli. Nauli ilikuwepo.

Mbuzi mwenye baka amezaa pacha, mmoja hanyonyi vizuri, mdogo wako anamnywesha kwa chupa na kuchelewa shule kwa kisingizio hicho. Doti ya kanga imefika. Shangazi yako kaichukua kuitazama, mpaka leo anaitazama.

Nipigie leo jioni kabla hujarudi majini, hata kama maji yanajaa, uniambie nani yuko ufukweni. Na bati zimebaki mbili baada ya kuezeka jiko: nizihifadhi, au nimpe babu yako azibe banda la kuku? Anaziulizia kila siku.

Mama yako