Pensheni ya marehemu haipitii kortini, hupitia fomu

Mhariri,

Mfanyakazi akifariki hapa Kisumu, matanga hayajaisha familia imeshaanza kutafuta wakili wa kuifuatilia pensheni. Haraka hiyo haina haja. Kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu kinasema wazi kwamba mafao ya mwanachama aliyefariki si sehemu ya mirathi. Wadhamini wa mfuko wa pensheni ndio huyalipa kwa kufuata kanuni za mfuko. Barua ya chifu, siku 30 za tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha miezi 6 kabla hati ya kusimamia mirathi haijathibitishwa, yote hayo ni ya mali ya mirathi, kama shamba la Bondo na akaunti ya benki.

Kinachoponza watu ni fomu ya kuteua wanufaika. Kijana huijaza siku ya kwanza kazini, angali kapera, akampa mama yake asilimia 100. Baadaye anaoa, anapata watoto, na fomu imelala vile vile kwenye faili. Kanuni za mifuko mingi huwapa wadhamini nafasi ya kuwaangalia wategemezi walioachwa nje, lakini hapo ndipo viapo na mivutano ya shemeji huanzia, na malipo hukwama. Wosia nao haumsaidii mjane: hugawa mali ya mirathi, na pesa hizi hazimo.

Kwa hiyo andika majina yote jinsi yalivyo kwenye kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, uhusiano, na fungu la kila mmoja, jumla itimie 100. "Mke wangu" haitoshi, sembuse kwa mwenye nyumba mbili. Huyo amtaje kila mke na kila mtoto kwa jina. Aliye chini ya miaka 18 hakabidhiwi pesa mkononi, basi mtaje mlezi unayemwamini, ukaulize kama mfuko wako una utaratibu wa kuwatunzia watoto fungu lao. Kubadilisha fomu ya pensheni ya kazini hakugusi ile ya NSSF, ya Sacco wala ya bima ya maisha ya kikundi. Omba nakala iliyopigwa muhuri na umwonyeshe mwenzako ilipo. (Wengi huficha. Wanajua wenyewe kwa nini.)

Kuhusu ushuru, sheria ilibadilika tarehe 27 Desemba 2024. Mchango wa hadi Sh30,000 kwa mwezi sasa huondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi; awali ilikuwa Sh20,000. Anayefikisha umri wa kustaafu uliowekwa na mfuko, anayestaafu kwa ugonjwa, au anayetoa pesa baada ya miaka 20 ya uanachama, hakatwi kodi.

Anayeacha kazi mapema, tuseme kwenye shamba la maua Naivasha, anaweza kuchukua michango yake yote na nusu ya ile ya mwajiri, ila atakatwa kodi, na nusu iliyobaki itangoja umri wa kustaafu. Akihamishia akiba yake kwenye mfuko wa mwajiri mpya au mpango wa pensheni ya mtu binafsi, haikatwi. Akumbuke tu kwamba majina ya wanufaika hayahami na pesa. Huko aendako ajaze fomu upya.

Washauri wa mafao ya kustaafu,
Kisumu